Basi la Kurudi Halipiti Hapa

Nilimkuta ameketi kwenye benchi la kituo cha basi, mfuko wa dawa mapajani, kitenge alichojifunga kichwani kimelowa manyunyu. Ni mama wa Uvira, Kongo, jirani yetu wa ghorofa ya chini. Asubuhi alikuwa ameshuka hapo hapo kwenda kliniki. Sasa ilikuwa inakaribia saa nane mchana.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu. Afadhali umetokea. Hebu niambie, basi la kurudi linapita hapa saa ngapi?”

“Hapa halipiti, mama.”

“Halipiti vipi, na ndipo liliponishusha?”

Sikuwa na jibu la haraka. Kwa hesabu zake yeye hakuwa amekosea kitu. Uvira, kama ilivyo Kigoma nilikokulia, gari likikushusha upande huu, ukimaliza shughuli zako unavuka barabara, unalisubiri upande ule. Hapa alivuka, akakuta upande ule nao magari yanakwenda kulekule. Akarudi kwenye benchi lake. Akawa anaangalia mabasi yanapita, yote yameelekeza pua upande mmoja, akajipa moyo kwamba lake limechelewa.

Nikamsindikiza. Tulipita jengo la kupaki magari, tukasubiri taa, tukakata kona, tukaambaa na ukuta mrefu usio na mlango hata mmoja, mpaka mtaa wa pili. Kituo kilikuwepo: kibao kidogo kwenye nguzo, benchi hakuna. Mama akakitazama, akacheka kicheko cha uchovu.

“Sasa hawa wameficha njia ya kurudi ili iweje?”

Swali hilo limenisumbua wiki kadhaa.

## Mji wa mishale

Naishi Louisville, jimbo la Kentucky, ukingoni mwa mto Ohio. Ukiwa na ndugu aliyeletwa Marekani kutoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, huenda jina hili umeshalisikia kwenye simu, maana Wakongomani na Warundi tumejaa hapa. Katikati ya mji, mitaa mingi ilipangwa jozi jozi: mmoja unakwenda, wa pembeni yake unarudi, na vibao vya mishale ndivyo vinavyokuambia upi ni upi.

Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, wenye magari walihamia vitongoji vipya vya nje, kazi zikabaki mjini. Wahandisi wakapewa swali moja: tutawaingizaje hawa asubuhi na kuwatoa jioni bila foleni? Jibu likawa mitaa ya njia moja. Na kwa swali lile, jibu lilikuwa zuri. Marekani wanaendesha upande wa kulia, kwa hiyo dereva anayekata kushoto lazima asubiri magari yanayomjia yamalizike. (Kwetu Tanzania taabu hiyo iko kwenye kukata kulia.) Ondoa magari yanayomjia, hasubiri mtu. Tena taa unaweza kuzipanga ziwake kijani moja baada ya nyingine, na mwenye gari akishika mwendo mmoja anapita mji mzima bila kukanyaga breki.

Anapita. Hilo ndilo neno.

Mwenye duka aliyejikuta kwenye mtaa wa asubuhi alikuwa anatazamwa na watu wanaowahi kazini, na hao hawasimami kununua nyama wala mkate. Wanaonunua ni wale wa jioni wanaorudi nyumbani, na hao wanapita mtaa mwingine. Mtoto anayekaa hapo alijikuta anacheza kando ya barabara ambayo imepimwa kwa ajili ya mtu anayelala kilomita 20 kutoka hapo.

Mtaa wa Walnut ni kisa kikubwa zaidi kuliko mishale, nami sitajidai kukimaliza hapa. Ulikuwa mtaa wa biashara za Wamarekani weusi, na ulibomolewa karibu wote katika kile kilichoitwa kufufua mji, miaka ya 1950 na 1960. Mwaka 1978 ukapewa jina la Muhammad Ali, mtoto wa mji huu. Mkongomani akifika Louisville kwa mara ya kwanza, hata kabla hajapata kazi, ataomba apelekwe akapige picha chini ya kibao cha jina hilo, kwa sababu ya lile pambano la ngumi la Kinshasa 1974. Kinachomshangaza ni kwamba akimaliza kupiga picha hana pa kuingia. Magari yanapita, maduka hakuna.

## Gari la pili

Nilipoanza kuwaeleza watu jambo hili, wengi walinijibu hivi: lakini mtaa wa njia moja si rahisi kuvuka? Unaangalia upande mmoja tu.

Ndivyo inavyoonekana ukiwa umesimama. Shuka barabarani.

Una mtoto mkononi, mko kwenye zebra, mtaa una safu tatu za magari zinazokwenda upande mmoja. Gari la safu ya kwanza ni la mtu muungwana. Anasimama, anakupungia mkono upite. Unaingia. Sasa gari lake, tena siku hizi wanaendesha magari marefu kama nyumba, limekukinga. Dereva wa safu ya pili hakuoni. Anachoona ni mwenzake amesimama bila sababu, na yeye ana taa ya kijani mbele ambayo akiiwahi ataziwahi na zilizobaki. Anapita kwa kasi ileile. Wewe unachungulia kwenye ncha ya boneti la muungwana, unaitoa pua kwanza, halafu shingo, mkono wa mtoto umeubana mpaka analalamika.

Ukiwahi kufanya hivyo mara moja, hutasema tena kwamba njia moja ni rahisi kuvuka.

Kasi ndiyo inayoamua yanayofuata. Taasisi ya usalama barabarani ya AAA, chama cha wenye magari cha Marekani, ilichambua ajali za Marekani ikakuta kwamba mtembea kwa miguu akigongwa na gari linalokwenda kama kilomita 37 kwa saa, uwezekano wa kufa ni asilimia 10. Likiwa linakwenda kama kilomita 68, ni asilimia 50. Mtaa mpana wa njia moja, usiku, taa zimepangwa kijani mfululizo, unamwita dereva kwenye tarakimu ya pili. Hahitaji kuwa mtu mbaya. Barabara inamwambia nenda, naye anakwenda.

Mtaa wa njia mbili unamnyima utulivu huo. Kuna gari linakuja mbele yake. Kuna mtu amesimama kukata kona. Hawezi kulipita lililo mbele kwa kuhamia safu ya pembeni, kwa hiyo mwendo wa wote unakuwa mwendo wa yule mwangalifu kuliko wote. Hili la mwisho lilinichukua muda kulielewa, na sasa nadhani ndilo lenye uzito kupita mengine. Kwenye njia moja yenye safu tatu, mwendo unawekwa na mwenye haraka. Kwenye njia mbili yenye safu moja kila upande, unawekwa na bibi anayekwenda kanisani.

## Brook na First

Mwaka 2011 jiji lilichukua mitaa miwili, Brook na First, iliyokuwa jozi ya kwenda na kurudi, likairudisha kuwa ya njia mbili. Haikubomolewa nyumba wala haikujengwa barabara ya juu. Ni rangi, vibao na taa.

John Gilderbloom wa Chuo Kikuu cha Louisville na mwenzake William Riggs wakaifuatilia, wakailinganisha na mitaa ya jirani iliyobaki ya njia moja. Ajali za magari zilipungua kwa asilimia 36 kwenye mtaa mmoja na asilimia 60 kwenye mwingine. Uhalifu ulishuka kama robo, wakati sehemu nyingine za mji ulikuwa unapanda. Biashara ziliingiza zaidi, waenda kwa miguu wakaongezeka, thamani ya nyumba ikapanda.

Lililonisimamisha ni hili: magari yaliyopita mitaa hiyo yaliongezeka. Yaani magari zaidi, ajali pungufu.

Kwa miaka tumeambiwa kinyume chake, kwamba usalama unapatikana kwa kuyanyoosha magari yasikutane. Hesabu za wahandisi zipo na ni za kweli: makutano ya kawaida ya barabara mbili za njia mbili yana sehemu 32 ambapo njia za magari zinaweza kugongana, na ukizifanya za njia moja sehemu hizo zinabaki chache sana. Kwenye karatasi, njia moja inashinda bila ubishi. Ila karatasi inahesabu mahali pa kugongana, haihesabu mtu anafika hapo na mwendo gani, wala kama ameinua macho.

Lakini nami nisiwe mshabiki. Mitaa miwili ni michache. Habari ya uhalifu naipokea kwa mikono miwili lakini siiweki mfukoni; uhalifu una sababu nyingi, na mtaa ukichangamka wahuni wanaweza kusogea mtaa wa tatu wasionekane kwenye takwimu. Ajali ndizo ninazoziamini, kwa sababu naona kwa macho yangu kinachozipunguza.

## Luthuli walifanya kinyume

Nilikuwa nimeshajipanga kuandika kwamba njia mbili ni nzuri na njia moja ni mbaya, nimalize, nilale. Rafiki yangu wa Nairobi akaniharibia. Nilimtumia ujumbe wa sauti mrefu wa kujitamba, akanijibu kwa sekunde chache tu: “Kwani hujui walichofanya Luthuli Avenue?”

Luthuli ni mtaa wa redio, spika na simu, unaujua hata kama hujafika Nairobi, kwa sababu spika ya harusi ya binamu yako huenda ilinunuliwa pale. Ulikuwa wa njia mbili, matatu zimejazana, watu wanatembea kwa kupita ubavu. Mwaka 2019 kaunti ikishirikiana na UN-Habitat, shirika la makazi la Umoja wa Mataifa, iliufanya wa njia moja. Sehemu ya barabara iliyopatikana haikugawiwa magari. Wakapanua njia za waenda kwa miguu, wakapanda miti, matatu zikaondolewa.

Kwa hiyo Louisville walirudisha njia mbili ili watu watembee, na Nairobi wakaenda njia moja ili watu watembee. Nikakaa na hilo siku nyingi.

Nadhani jibu liko kwenye upana. Louisville njia moja ilitumika kuipa gari nafasi yote kutoka ukingo hadi ukingo. Luthuli njia moja ilitumika kuinyang’anya gari sehemu ya nafasi. Mshale ni uleule, aliyegawiwa ndiye tofauti. Siku hizi, jiji lolote likitangaza kugeuza mishale, kitu cha kwanza ninachotafuta kwenye mchoro ni ile mita au mbili zinazobaki pembeni: zimekwenda kwa nani? Zikibaki kwa magari, basi wamebadilisha vibao tu, na mama wa Uvira atavuka barabara ileile na hofu ileile, isipokuwa kituo chake kitakuwa ng’ambo.

Ambalo, kwa haki, si jambo dogo.

## Mwenye nyumba naye anasoma ripoti

Rudi kwenye zile sifa za Brook na First. Thamani ya nyumba ikapanda. Imeandikwa pamoja na mema mengine, kana kwamba kila msomaji ana hati ya nyumba kwenye droo.

Mimi ni mpangaji. Karibu kila ninayemjua anayezungumza Kiswahili mji huu ni mpangaji. Tunafanya kazi za maghala na kusafisha, tunalipa kodi ya nyumba kila tarehe mosi, na tukisikia thamani imepanda tunajua barua inakuja. Hapo ndipo shauku yangu ilipokatika kwa muda. Nilijiona kama mtu anayepigia debe mradi utakaomhamisha mwenyewe.

Nilimuuliza mzee mmoja, Mmarekani mweusi, aliyezaliwa upande wa magharibi wa mji na hajawahi kuhama. Upande huo umetenganishwa na katikati ya mji na mtaa wa Ninth, barabara pana sana ambayo watu wanaitaja kama unavyotaja mpaka wa nchi. Nilitegemea anikataze. Akaniambia, kwa ukali kidogo, kwamba kwa maisha yake yote ameambiwa mazuri yasije mtaani kwao kwa sababu yakija yatamfukuza, na wakati huo huo mabaya yanakuja bila kuulizwa. “Niletee njia ya kupita salama,” akasema, “habari ya kodi tugombane nayo kama habari ya kodi.”

Ni msimamo mzuri. Sijui kama unatosha. Rangi ya barabarani inapakwa kwa majira moja ya kiangazi. Sheria ya kumlinda mpangaji inachukua miaka, ikipita. Kinachokuja haraka na kinachochelewa havijawahi kumpendelea maskini. Lakini pia siwezi kumwambia mtu aendelee kuvushia wajukuu kwenye safu tatu za magari ili kodi yangu isipande.

## Njia iliyochorwa 1891

Mitaa ni nusu ya habari. Nusu ya pili ni unapofika ukishatembea.

Mwaka 1891 Louisville ilimwajiri Frederick Law Olmsted, yule aliyeshiriki kuchora bustani ya Central Park ya New York. Akachora bustani tatu kubwa, Cherokee mashariki, Shawnee magharibi mtoni, na Iroquois kusini, na katika mpango huo kukawa na barabara pana zenye miti za kuziunganisha. Yaani wazo la kwamba bustani bila njia ya kuifikia haijakamilika lilikuwepo mji huu kabla gari la kwanza halijaonekana. Iroquois ndiyo yetu. Jumapili mchana, kipindi cha joto, utasikia Kiswahili, Kirundi na Kisomali kwenye nyasi zile kuliko Kiingereza.

Halafu njia zile zikawa za magari. Halafu watu wakagawanywa. Kuanzia 1924 hadi 1955 bustani za Louisville zilitengwa kwa rangi: Shawnee ikawa ya wazungu, na jirani yake Chickasaw ndiyo iliyoachiwa weusi. Muhammad Ali alikulia karibu na hiyo Chickasaw. Kwa hiyo mtu akisema “tuunganishe njia”, upande wa magharibi wanasikia zaidi ya lami na kokoto.

Mafuriko ya Januari 1937 yaliufunika mji sehemu kubwa, na baadaye likajengwa tuta na ukuta wa kuzuia mto. Hakuna anayelilalamikia tuta. Bila hilo tungehama kila masika. Lakini liliziba mto usionekane. Unaweza kukaa Portland, mtaa uliozaliwa kwa sababu ya mto, miaka mingi na usiuone mto mpaka umepanga safari. Baadaye ikaja barabara kuu ya I-64, nayo ikapita ukingoni.

Mwaka 2005 meya Jerry Abramson alitangaza mpango wa Louisville Loop, njia ya miguu na baiskeli ya kuzunguka mji mzima, kama kilomita 160. Baadhi ya vipande ni vizuri mno. Juu ya tuta, kusini-magharibi, unaendesha baiskeli huku mto uko upande mmoja na paa za nyumba upande wa pili, na unajisikia umeibiwa siku zote ulizokuwa chini. Ila mzunguko haujakamilika, na vipande vilivyokosekana si vya bahati mbaya. Njia imejengwa pale ilipokuwa rahisi: ndani ya bustani, juu ya tuta. Inakatika pale inapotakiwa kuingia mtaani, kukutana na barabara, taa, na watu.

Nilijaribu na mwanangu kutoka mtaa wa katikati hadi njia ya mtoni kwa baiskeli. Mtoni kwenyewe hakuna shida. Shida ni kufika. Mtaa wa kwanza ulikuwa njia moja dhidi yetu, kwa hiyo tukapanda njia ya waenda kwa miguu, tukafokewa. Tukahamia mtaa wa pili, ambao unakwenda tunakotaka, lakini kushoto magari, kulia magari. Mwishowe tukashuka tukazikokota. Mtoto akaniuliza kwa nini tusingekuja na gari tuzishushe hukohuko. Nikaangalia sehemu ya kupaki pale mtoni: imejaa magari yenye vyuma vya kubebea baiskeli nyuma. Ndivyo watu wanavyofanya. Wanaendesha gari kwenda kuendesha baiskeli.

Mji huu una mfano wa jambo hilo uliosimama katikati ya mto. Daraja la Big Four lilijengwa kwa ajili ya treni, likamalizika 1895, na wafanyakazi 37 walikufa katika ujenzi wake. Mwaka 1969 treni zikaacha kupita. Njia za kulipandia pande zote mbili zikang’olewa, zikauzwa chuma chakavu. Daraja lenyewe likabaki juu ya maji, zima, halina pa kupandia wala pa kushukia. Watu wakaliita Daraja Lisilokwenda Popote. Februari 2013 likafunguliwa kwa waenda kwa miguu na baiskeli upande wa Louisville, watu wakawa wanatembea hadi mwisho, wanachungulia jimbo la Indiana, wanageuza, maana upande wa Jeffersonville, mji wa ng’ambo, njia ya kushukia haikuwa tayari mpaka Mei 2014. Ilipokuwa tayari, vijana wetu wakawa wanavuka kwenda kula aiskrimu jimbo lingine kwa miguu na kurudi kabla ya magharibi.

Chuma kilikuwepo miaka yote ile. Kilichokosekana ni mita mia chache za mwisho kila upande.

Ndiyo maana nadhani wanaogeuza mishale na wanaojenga njia za mtoni wanapaswa kukaa meza moja. Mtaa wa njia mbili, uliopunguzwa mwendo, unaokwenda moja kwa moja hadi kwenye mlango wa tuta, unafanya kazi ambayo kilomita kumi zaidi za lami nzuri juu ya tuta haziwezi kufanya.

## Ramani mezani

Nilikwenda kwenye mkutano wa wazi ambapo ramani zilitandazwa mezani na wananchi wakapewa vibandiko vya rangi wabandike maoni yao. Sipendi vibandiko. Mtu mzima anapewa duara la kijani kama mtoto wa chekechea. Lakini nilibandika, na nikamuuliza mhandisi kijana aliyesimama pale mambo mawili: vituo vya basi vitakaa wapi mtaa ukigeuzwa, na njia ya mtoni itaingilia wapi. La kwanza alilijua vizuri, akanionyesha kwamba kituo cha kwenda na cha kurudi vitatazamana. La pili akaniambia ni la idara nyingine.

Niliyekwenda naye alikuwa na hasira kuliko mimi, lakini kwa upande mwingine. Ni rafiki yangu wa tangu kambini, anafanya kazi za usiku kwenye maghala ya uwanja wa ndege, anatoka saa kumi alfajiri. Yeye anaipenda mitaa ya njia moja. Saa hizo taa zote kijani, anafika nyumbani kabla watoto hawajaamka.

“Wewe unatetea wanaotembea,” akaniambia tukiwa kwenye gari lake. “Mimi natembea saa ngapi?”

Tukapiga hesabu pale pale. Kwa mwendo wa maili 35 kwa saa, maili moja inakuchukua sekunde 103. Kwa maili 25, sekunde 144. Tofauti ni sekunde 41 kwa kila maili ya mtaa uliogeuzwa, na kwenye safari yake mitaa ya namna hiyo ni kama maili mbili. Hata ukiongeza taa nyekundu moja au mbili, ni dakika tatu hivi.

“Dakika tatu zangu,” akasema, “mara siku tano, mara mwaka mzima. Na kodi juu.”

Nikamwambia mkewe ndiye anayepanda basi. Akasema anajua, na ndiyo maana hajabandika kibandiko chochote, wala kijani wala chekundu. Za dakika anaweza kuvumilia, akasema. Nimhakikishie ya kodi, atanisaidia hata kukusanya saini.

Hilo siwezi kumhakikishia. Mkutano unaofuata atakuwa zamu ya mapumziko, tumekubaliana aje awaulize wenyewe, nami nitafsiri.